Boila ya Peleti kwa Nyumba Mpya: Pima Nyumba Kwanza

Ukipata kiwanja Bavaria, Oberösterreich huko Austria, au kwenye vilima vya Uswisi na ukaanza kujenga, suala la joto litakubana mapema kuliko unavyodhani. Waswahili wengi walioko huko wameishi miaka mingi katika nyumba za kupanga, ambako redieta hupata moto, bili huja mwisho wa mwaka, na mengine yote ni shughuli ya mwenye nyumba. Siku mwenye nyumba unapokuwa wewe, maswali yanakuangukia yote pamoja: utapasha joto kwa nishati gani, mashine itakaa wapi, nani ataihudumia. Sheria nazo zimepunguza njia. Austria ilizuia boila za mafuta katika majengo mapya mwaka 2020, na mwaka 2024 ikazuia za gesi. Ujerumani nayo, kuanzia 1 Januari 2024, ilizitaka nyumba zinazojengwa katika maeneo mapya ya makazi zipate angalau asilimia 65 ya joto lake kutoka nishati jadidifu. Peleti za mbao zimo katika nishati hiyo. Sheria za aina hii hurekebishwa serikali zinapobadilika, kwa hiyo swali la kwanza lipeleke ofisi ya ujenzi ya wilaya yako kabla hujampigia simu muuzaji yeyote.

Msimamo wangu niutoe mapema. Watu wengi huanza kwa kuchagua mashine: wanalinganisha kampuni, wanatazama skrini yake na kuuliza kama inaongozwa kwa simu. Naona huko ni kuanzia mwisho. Anza na nyumba yenyewe, ujue inahitaji joto kiasi gani. Kisha panga stoo ya peleti. Kisha tafuta fundi. Boila nzuri zipo nyingi, na tofauti kati ya moja na nyingine ni ndogo kuliko vipeperushi vinavyodai. Stoo iliyokosewa, kwa upande mwingine, hairekebishiki kirahisi zege likishakauka, na boila iliyozidi ukubwa itakusumbua miaka ishirini.

Kwa asiyezifahamu, peleti ni vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa kwenye matundu ya chuma hadi likatoka kama vijiti vyenye unene wa milimita 6. Kinachovishikilia ni lignini ya mti wenyewe, ambayo hulainika kwa joto la kushindiliwa na kukaza inapopoa; viwanda vingine huongeza wanga kidogo. Aliyewahi kupita Mafinga, Tanzania, na kuona marundo ya vumbi nyuma ya mashine za kupasulia magogo anaijua malighafi hii. Kilo moja hutoa takriban kilowati-saa 4.8 za joto, kwa hiyo kilo mbili hukaribia lita moja ya mafuta ya kupashia nyumba. Tani moja huchukua nafasi ya takriban mita moja na nusu za ujazo.

Nyumba yako inahitaji joto kiasi gani?

Mchoraji wa nyumba au mhandisi wa nishati ana wajibu wa kukupa namba moja muhimu kuliko zote: mzigo wa joto, yaani kilowati ambazo nyumba itahitaji katika siku ya baridi kali kabisa inayotarajiwa mahali hapo. Barani Ulaya hukokotolewa kwa kufuata kiwango cha EN 12831, chumba kwa chumba, kwa kuzingatia kuta, madirisha, paa na hewa inayopita. Idai namba hiyo kwa maandishi. Fundi anayekutajia ukubwa wa boila kwa kuuliza tu nyumba ina mita ngapi za mraba anakisia, na atakisia juu ili asije akalaumiwa.

Tuchukue nyumba ya mita 150 za mraba, iliyohamiwa vizuri dhidi ya baridi kama sheria za sasa zinavyotaka, yenye mabomba ya maji moto chini ya sakafu. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuhitaji wati 40 kwa kila mita ya mraba, yaani kilowati 6, nje kukiwa na nyuzi 12 chini ya sifuri. Lakini siku za hasi 12 ni chache mno. Sehemu kubwa ya majira ya baridi hali ya nje hucheza karibu na nyuzi 4 juu ya sifuri, na siku kama hiyo nyumba hiyohiyo inahitaji kilowati 3 tu, kwa sababu tofauti kati ya ndani na nje imepungua kwa nusu.

Sasa tazama boila. Boila ya peleti inaweza kupunguza moto wake, lakini kwa kawaida haishuki chini ya asilimia 30 ya uwezo wake. Ukiwekewa ya kilowati 15, moto wake mdogo kabisa ni kilowati 4.5. Nyumba inataka 3. Basi boila itawaka, itajaza tangi, itazima, itapoa, itawaka tena, na hivyo hivyo tangu Oktoba hadi Aprili. Kila inapowaka inatumia umeme wa kuwashia, na dakika za mwanzo, kabla moto haujakolea, ndizo zenye moshi mchafu na masizi. Vipuri vya kuwashia huchakaa, sehemu za kupitisha joto huziba, matumizi ya peleti hupanda. Ya kilowati 8 hushuka hadi 2.4, kwa hiyo siku ile ile ya nyuzi 4 itawaka taratibu kwa saa nyingi mfululizo, na huko ndiko mashine hizi hufanya kazi vizuri.

Wauzaji hutetea boila kubwa kwa hoja ya maji ya kuoga. Ipime hoja hiyo. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunahitaji takriban kilowati-saa 9.3. Boila ya kilowati 8 huimaliza kazi hiyo kwa saa moja na ushee. Familia ya watu wanne, hata yenye watoto wanaopenda kukaa bafuni, inatoshwa na tangi la lita 200 hadi 300 lililopangwa vizuri. Hakuna sababu ya kununua kilowati 15 kwa ajili ya kuoga.

Hesabu hizi hizi ndizo zitakazokuambia kama unapaswa kuwa na boila ya peleti au la, na hapa lazima niseme wazi. Nyumba mpya iliyohamiwa sana haiihitaji. Nyumba ya kwanza ya aina inayoitwa Passivhaus ilijengwa Darmstadt-Kranichstein mwaka 1991, na tangu hapo wajenzi wengi wameifuata. Nyumba kama hiyo ikiwa na mita 150 za mraba huhitaji takriban kilowati 1.5 tu, kiasi ambacho boila ndogo kabisa ya peleti hukipita mara kadhaa. Hapo chukua pampu ya joto. Hata katika ile nyumba yetu ya kilowati 6, pampu ya joto iliyounganishwa na sakafu ya nyuzi 35 hutoa kilowati-saa tatu hadi nne za joto kwa kila moja ya umeme, haitaki stoo, haitaki dohani, haina majivu. Huo ni ushindani mkali, na anayekuuzia peleti bila kuutaja hakutendei haki.

Peleti zinashinda wapi, basi? Zinashinda milimani, ambako baridi ni ndefu na kali na pampu ya joto inayotumia hewa huelemewa siku ile ile unayoihitaji zaidi. Zinashinda kwenye nyumba kubwa: ya vizazi viwili, yenye wazazi ghorofa ya chini na watoto juu, au yenye karakana au vyumba vya wageni. Zinashinda mahali ambapo nyaya za umeme za kijiji ni dhaifu, au ambapo nyumba mpya inaunganishwa na jengo la zamani la shamba lenye redieta zinazotaka maji ya nyuzi 55 au 60. Na zinashinda penye viwanda vya mbao jirani, kwa sababu nishati inayotengenezwa kilomita chache kutoka kwako kwa mabaki ya mbao ina maana kimazingira kuliko ile iliyovuka bahari.

Stoo

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi.

Kanuni inayotumika Ujerumani ni kwamba kila kilowati ya mzigo wa joto hula takriban kilo 400 za peleti kwa mwaka. Nyumba yetu ya kilowati 6 itakula tani 2.4, pamoja na maji ya kuoga. Kanuni nyingine inakupa nafasi: zidisha kilowati kwa mita 0.9 za ujazo. Kilowati 6 zinakuja mita 5.4 za ujazo, na stoo hiyo itabeba chakula cha mwaka mzima cha boila pamoja na nafasi tupu ambayo haikwepeki. Stoo ya mwaka mzima ni bora kuliko ndogo, kwa sababu unanunua mara moja, wakati unaotaka wewe. Ukilazimika kununua Januari, utalipa bei ya Januari.

Chumba kiguse ukuta wa nje, upande ambao lori linafika. Lori la peleti ni zito, linahitaji njia yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4 hivi bila matawi wala nyaya, na husukuma peleti kwa hewa kupitia mpira mrefu. Mpira usizidi mita 30 kutoka lori hadi ukutani. Ukizidi hapo, au ukiwa na kona nyingi, peleti huvunjika njiani na unapokea vumbi badala ya vijiti. Nimeona michoro ya nyumba nzuri sana ambayo stoo yake ilikuwa upande wa bustani, nyuma kabisa, na hakuna lori lingeweza kufika. Mchoraji alikuwa amefikiria jua na mandhari. Mwambie afikirie lori pia.

Ukutani huwekwa viungio viwili vya chuma vya milimita 100: kimoja cha kuingizia peleti, kingine cha kufyonza hewa na vumbi wakati wa kujaza. Vyote viunganishwe na waya wa ardhini, kwa sababu peleti zikipita kwa kasi huzalisha umeme tuli. Ndani, mkabala na kiungio cha kuingizia, hutundikwa mkeka mgumu wa mpira au plastiki, ukiachana kidogo na ukuta, ili peleti zigonge hapo badala ya kupasukia kwenye zege. Mkeka huu ni rahisi kuusahau, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya kuukosa.

Sakafu ya ndani huinamishwa pande mbili kwa mbao laini, nyuzi 40 hadi 45, ili peleti ziteremke zenyewe hadi kwenye mfereji wa kutolea. Ukitumia mwinamo mdogo zaidi, zitabaki pembeni na boila italalamika haina chakula ilhali nusu ya stoo imejaa. Kuta zihimili shinikizo, maana mita moja ya ujazo ina kilo 600 hadi 750. Mlango ufungukie nje, uzibe vumbi, na ndani yake ziwepo mbao za kupachika zinazozuia mzigo usiulalie. Soketi, swichi na taa za kawaida zisiwemo humo. Mabomba ya maji yasipite humo. Peleti zikipata maji huvimba na kurudi kuwa unga mbichi, na unga huo ukikauka ndani ya mashine ya kulishia huganda kabisa. Katika nyumba mpya hatari hii ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa zege na plasta bado vinatoa unyevu. Usijaze stoo hadi fundi apime kuta na kukuhakikishia zimekauka.

Asiyetaka kujenga chumba anaweza kununua mfuko mkubwa wa kitambaa uliofungwa kwenye fremu ya chuma, ambao huja na mwinamo wake tayari. Unafaa sana kwa nyumba mpya yenye chumba kimoja cha mitambo. Lipo pia tangi la kufukia ardhini bustanini, zuri pale ambapo nyumba haina ghorofa ya chini, ila ni ghali na huingiwa na mafundi wenye ujuzi tu.

Kuhusu kuingia ndani ya stoo, nakuomba usome kwa makini hata kama mengine utayaruka. Peleti zilizolala stoo hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, bila moto wowote kuwapo. Mafuta ya asili yaliyomo kwenye mbao, hasa ya msonobari, humenyuka na oksijeni na kuitoa hewa hiyo. Wakati huohuo oksijeni chumbani hupungua. Novemba 2006, katika bandari ya Helsingborg, Sweden, baharia alikufa na watu wengine kadhaa wakaumia baada ya kuingia kwenye ngazi iliyopakana na shehena ya peleti melini. Vifo vimetokea pia katika stoo za majengo ya kawaida huko Ujerumani na Uswisi. Baada ya hayo kikaja kiwango cha kimataifa cha ISO 20023, cha mwaka 2018, kinachohusu usalama wa stoo ndogo za nyumbani.

Kwa hiyo vifuniko vya viungio vile viwili ukutani viwe vya aina yenye matundu ya kupitisha hewa kwenda nje, visiwe vya kuziba. Stoo isipumulie ndani ya nyumba. Anayeingia azime boila kwanza, aache mlango wazi angalau dakika 15, na awepo mtu wa pili mlangoni akimtazama. Wiki za mwanzo baada ya kujaza ndizo mbaya zaidi, kaa mbali. Watoto wasicheze humo kamwe. Funga mlango kwa ufunguo na ubandike onyo kwa lugha zote zinazozungumzwa nyumbani, Kiswahili kikiwemo, kwa sababu bibi au babu aliyekuja kukutembelea kutoka Tanga au Mombasa hana namna ya kujua kwamba chumba cha vijiti vya mbao kinaweza kuua.

Boila yenyewe

Kutoka stoo hadi kwenye boila peleti husafiri kwa njia mbili. Parafujo ndefu inayozunguka ni ya kimya na imara, ila inataka stoo ipakane na chumba cha boila kwa mstari ulionyooka. Ya pili hufyonza peleti kwa hewa kupitia mipira, hata kutoka umbali wa mita 20, kwa hiyo stoo inaweza kuwa mahali pengine. Hupiga kelele kwa dakika chache kila inapojaza, lakini unaweza kuipangia saa ili isifanye kazi usiku. Kama una nafasi ya kupanga vyumba tangu mwanzo, ningekushauri parafujo.

Kisha kuna swali la boila ya kawaida au ya kukondesha. Moshi wa kuni una mvuke wa maji, na mvuke ukipozwa hadi kuwa maji huachia joto ambalo vinginevyo lingepaa angani. Boila ya kukondesha hulinasa joto hilo, na faida yake inaweza kufikia takriban asilimia 10. Lakini hufanya hivyo tu ikiwa maji yanayorudi kutoka nyumbani ni ya uvuguvugu. Sakafu yenye maji ya nyuzi 35 huyarudisha yakiwa chini ya 30, kwa hiyo nyumba mpya yenye sakafu ya joto ndiyo mahali pake hasa. Inahitaji mfereji wa kutolea maji yenye tindikali na dohani isiyoharibiwa na unyevu. Katika ujenzi mpya vyote viwili hupangwa kwenye mchoro. Katika nyumba ya zamani huwa usumbufu. Mwenye redieta za moto mkali asilipie teknolojia hii. Boila ya kawaida, kinyume chake, huchukia maji baridi yanayorudi, huota kutu kwa ndani, na lazima iwekewe vali ya kuyachanganya na ya moto kabla hayajaingia.

Tangi la akiba ya maji moto ni la lazima, hata muuzaji akikuambia boila yake inaweza kukosa. Lita 30 kwa kila kilowati ni kipimo kizuri. Linaipa boila muda wa kuwaka bila kukatizwa, na litakupa mahali pa kuunganisha mitambo ya jua. Na uiunganishe, maana kuwasha peleti Julai kwa ajili ya maji ya kuoga peke yake ni kuichosha mashine bure. Paneli za jua, ziwe za maji au za umeme, ziipumzishe boila tangu Mei hadi Septemba.

Nyumba za kisasa hazipitishi hewa, na nyingi zina mashine ya kubadilisha hewa. Boila inayovuta hewa ya kuwakia kutoka chumbani inaweza kugombea hewa na mashine hiyo, na moshi ukarudi ndani. Dai boila inayovuta hewa yake moja kwa moja kutoka nje kwa bomba lake, na katika chumba cha mitambo weka king'ora cha kaboni monoksidi.

Mengineyo ni ya kuuliza tu na kujibiwa. Je, inajisafisha yenyewe sehemu za kupitishia joto? Ina kihisi cha oksijeni kinachorekebisha moto? Hukandamiza majivu? Peleti bora huacha majivu yasiyozidi asilimia 0.7, kwa hiyo tani 2.4 hazitakupa zaidi ya kilo 17 kwa mwaka, na kuyamwaga ni kazi ya mara moja au chache kwa msimu. Ifikie daraja la 5 la kiwango cha EN 303-5 na masharti ya Umoja wa Ulaya yanayotumika tangu 2020. Ukitoka nchi yenye umeme wa kukatika, ujue pia kwamba boila hii haiwaki bila umeme. Ulaya ya Kati umeme hukatika kwa nadra, lakini anayekaa bondeni kwenye theluji nzito na awe na jiko dogo la kuni sebuleni.

Dohani iamuliwe pamoja na paa. Ujerumani, kwa mitambo ya kuni na peleti inayowekwa tangu 2022, mdomo wa dohani unatakiwa uwe karibu na kilele cha paa na ukipite kwa angalau sentimita 40. Mwite fundi rasmi wa dohani wa wilaya wakati mchoro ungali karatasini. Yeye ndiye atakayeidhinisha mtambo kabla haujawashwa, na ukimshirikisha mapema hatakuwa na la kukukatalia mwishoni.

Peleti, bei na ruzuku

Nunua peleti zenye alama ya ENplus A1, ambayo chini yake ina namba ya mtengenezaji au msambazaji. A1 maana yake ni unyevu usiozidi asilimia 10 na ile asilimia 0.7 ya majivu, na kampuni nyingi za boila hazitaheshimu waranti ukichoma za daraja la chini. Chukua kiganja uzitazame: ziwe laini na za kung'aa, zisiwe na vumbi jingi, na ukizitumbukiza majini zizame. Vumbi hukusanyika chini ya stoo hata ukinunua bora, kwa hiyo kila baada ya miaka michache iache iishe kabisa na uifagishe kabla ya kujaza.

Bei hupanda na kushuka, na usikubali kuambiwa vinginevyo. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na Umoja wa Ulaya kufunga mlango kwa mbao za Urusi na Belarus, wastani wa bei ya tani moja Ujerumani ulipita euro 700, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia, kisha ukashuka tena mwaka uliofuata. Aliyekuwa amejaza stoo yake majira ya kuchipua hakuumia. Desturi ya kununua kati ya Aprili na Julai, wakati watu wamesahau baridi, imewalinda wengi.

Kuhusu ruzuku, kuwa mwangalifu. Ujerumani misaada mingi ya serikali ya kubadilisha mitambo ya joto ni ya majengo yaliyokwisha kuwapo, na nyumba mpya haihesabiwi humo. Usipige hesabu za benki kwa fedha ya jirani aliyekarabati nyumba ya 1970. Na hata pale ruzuku ilipo, isikuchagulie mtambo. Ireland Kaskazini ilianzisha Novemba 2012 mpango wa kuwalipa wafanyabiashara kwa kila kiasi cha joto walichozalisha kwa kuni na peleti, na malipo yakawa makubwa kuliko gharama ya peleti zenyewe, bila kikomo. Watu wakapasha joto majengo ili walipwe. Mpango ulifungwa Februari 2016, Januari 2017 Naibu Waziri Kiongozi Martin McGuinness akajiuzulu, na serikali ya Belfast ikakaa miaka mitatu bila kuundwa upya. Waliokuwa wamenunua boila kwa hesabu ya malipo hayo waliona malipo yakikatwa baadaye.

Fundi

Sehemu kubwa ya kampuni zinazojulikana katika fani hii zimejazana Oberösterreich: Fröling iko Grieskirchen, ÖkoFEN iko Niederkappel, Guntamatic iko Peuerbach, na Hargassner na ETA hazipo mbali. Zote hutengeneza mashine za kuaminika. Kwa hiyo usiulize tu kampuni ipi ni bora, uliza ipi ina fundi aliyefunzwa nayo anayeweza kufika kwako ndani ya siku moja Januari. Katika bonde moja jibu litakuwa kampuni hii, katika bonde la pili kampuni ile.

Omba makisio kwa mafundi watatu, na wote wape namba ileile ya mzigo wa joto. Makisio yataje boila, tangi, stoo na vifaa vyake, dohani, umeme, na siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, kila kimoja na bei yake. Mtambo mzima na stoo yake mara nyingi hupita euro 20,000, hivyo una haki ya kuuliza mpaka uelewe. Kama Kijerumani chako bado hakijakomaa, nenda na mtu anayekimudu, na umwombe fundi akuoneshe mtambo aliouweka miaka mitano iliyopita. Mwulize mwenye nyumba hiyo anamwaga majivu mara ngapi, boila huwaka mara ngapi kwa siku, na ilipoharibika nani alikuja.

Fundi akikataa kuandika mzigo wa joto kwenye makisio yake, au aking'ang'ania kilowati 15 kwa nyumba ya 6, mshukuru kwa muda wake na umwite mwingine.